Mbuga Yako, Mbuga Yangu

Mtani wangu Kashindye,

Shikamoo. Marahaba yako ilikuwa na masharti hata ulipokuwa hai. Uliniacha nimesimama mlangoni mwa karakana huku unajifanya unatafuta kofia, kisha ukasema Mzaramo haitikiwi mpaka aombe radhi kwa maji aliyowanyima babu zako wapagazi walipokuwa wakikatiza Uzaramoni na pembe za ndovu kichwani. Mimi nikakujibu kwamba babu zangu hawakumnyima mtu maji, ila Wanyamwezi walikuwa wakiyaoga bila kuomba. Hapo ndipo ulipoitika. Leo hakuna wa kunizungusha, kwa hiyo nachukulia umeitika.

Miezi tisa imepita tangu tukuzike. Nimeandika barua nyingi katika ofisi hii ya mji mdogo wa Itobela, na zote zina kumbukumbu namba, zina muhuri, zina nakala kwa fulani na fulani. Hii haina nakala kwa mtu. Naiandikia juu ya meza yako, ile yenye doa la birika, maana ya kwangu imejaa ramani. Usinune. Droo yako sijaigusa, ila zile karanga nimezila.

Nina habari moja kubwa ya kukupa, na nitaanzia mbali kidogo kama ulivyokuwa ukifanya wewe. Mtu akikuuliza kalavati limefikia wapi, unaanza na mwaka ulioajiriwa.

Unaikumbuka siku niliyofika? Ilikuwa kiangazi, mwezi wa kumi, ardhi imekauka mpaka inapiga kelele ukiikanyaga. Mimi binti wa Kisarawe, afisa mipango miji mpya, viatu vyeupe, shahada haijakauka wino. Wewe msimamizi wa genge la mitaro na makalavati, huna cheti hata kimoja, lakini miaka yako kazini inaizidi miaka yangu duniani. Ulipoambiwa naitwa Pili Mwinyimvua ulikaa chini kabisa ukacheka. Ukasema kumbe Itobela tunahangaika kuomba mvua kila mwaka, na mwenyewe anaishi Uzaramoni, leo kapanda basi kuja. Tangu siku hiyo hukuniita Pili. Uliniita Mwenye Mvua, hata mbele ya mtendaji wa mji.

Nikwambie ukweli, utani ule ndio ulionifanya nikae. Mgeni katika mji asikokuwa na ndugu hufa kwa upole wa watu. Kila mtu anakuheshimu, hakuna anayekugombeza. Wewe ulinigombeza siku ya kwanza. Asubuhi ulinitaka niitikie mwangaluka kwa Kinyamwezi safi, nikikosea unanirudisha nje ya geti nianze upya. Saa nne ukanitolea matobolwa kwenye mfuko wa kaki, vile viazi vyenu vilivyokaushwa, ukavitafuna na karanga kwa raha zote kama uko arusini. Nilikuambia huko kwetu vile tungewapa panya. Mwezi wa pili nilikuwa nakuja mwenyewe kuviulizia.

Na ile hodi yako! Sijacheka kitu kama ile hodi. Genge limefika eneo la kazi, majembe tayari, wewe unasimama ukingoni, unavua kofia, unasema hodi. Hodi kwa nani, mzee? Kwa ardhi. Unangoja kidogo, kana kwamba kuna mtu ndani anajifunga khanga, ndipo unasema haya, chimbeni. Nilikuuliza siku moja ni nani anayekuitikia. Ukasema, "Kuitikiwa si lazima. Lazima ni kubisha." Niliiandika kwenye daftari nikidhani naandika kichekesho cha kuwapelekea rafiki zangu wa Dar.

Sasa twende kwenye kosa. Unalijua, lakini nataka nilisimulie mimi.

Nilipewa kazi ya kuchora viwanja vipya upande wa machweo. Mji unakua, watu wanajenga hovyo, na mtendaji anataka mchoro upesi. Kwenye kabati la masijala nikakuta ramani ya zamani iliyochorwa kwa mkono, karatasi imekuwa rangi ya chai. Upande ule wote mchoraji alikuwa ameandika neno moja tu: mbuga. Nikaenda kuangalia. Uwanda mpana, hauna kisiki, hauna jiwe, hauna jaruba la mpunga hata moja, ng'ombe wamekwisha kula nyasi zote na udongo umepasuka. Kwetu mbuga ni mbuga. Ni uwanda wa nyasi, ndiko wanakokaa twiga na pundamilia, kila mtoto wa shule anajua. Nikasema Mungu mkubwa, ameniletea viwanja vilivyokwisha kusawazishwa.

Nikaja karakana na mchoro mkononi. Maneno tuliyosemezana siku ile ninayo yote, nimeyarudia kichwani mara nyingi kuliko sala. Uliinamia karatasi, ukaweka kidole chako kile chenye ukucha mweusi katikati ya viwanja vyangu, ukasema, "Hii ni mbuga, Mwenye Mvua."

Nami nikakujibu kwa kiburi cha mtu aliyejiandaa. "Najua ni mbuga, mzee. Ndiyo maana nimeichagua."

Ukasema haya, ukarudi kufunga gurudumu la toroli.

Neno lilikuwa moja na mbuga zilikuwa mbili. Mbuga yako ni pale maji yanaporudi kulala kila masika, udongo mweusi unaovimba na kung'ang'ania mguu, mahali ambapo hata mtoto wa Kinyamwezi anajua unalisha ng'ombe kiangazi na masika unapapisha. Mbuga yangu ilikuwa picha ya kwenye kitabu. Wewe ulidhani msomi huyu anajua kuna maji na ana dawa yake, labda serikali inaleta mtaro mkubwa. Mimi nilidhani mzee huyu ananithibitishia ramani. Kila mmoja akamheshimu mwenzake, akanyamaza. Sisi tulioweza kutukanana ukoo mzima kabla ya chai, siku hiyo moja ndiyo tukajifanya tuna adabu.

Mchoro ukapita, watu wakajenga. Nyumba kumi na moja, na ya kwanza kabisa ilikuwa ya Mama Kulwa, yule muuguzi mstaafu aliyewazalisha nusu ya wanawake wa Itobela. Masika mawili ya mwanzo mvua zilikuwa haba, mbuga ikanyamaza, mimi nikapata barua ya pongezi. Masika ya tatu maji yakarudi kwao. Hayakuja kwa kishindo. Yalipanda kutoka chini mchana kweupe, kama maziwa kwenye sufuria, na sakafu ya Mama Kulwa ilipasuka kabla kizingiti hakijalowa.

Wewe na genge lako mlisimama majini siku mbili. Mliikata barabara ya changarawe mliyoitengeneza wenyewe mwaka uliotangulia ili maji yapate pa kupitia. Nilikuona unavua kofia kabla ya sururu ya kwanza kushuka. Unabisha hodi ndani ya mafuriko, na safari hiyo sikucheka. Kuta za nyumba mbili zilianguka, kuku walikwenda, magodoro yalikwenda, lakini familia zote zilitoka salama, na ni kwa sababu yako.

Kisha ikaja ripoti. Mji ukifurika lazima apatikane mkosaji, na mkosaji mwepesi ni yule asiye na cheti. Kamati ikaandika kwamba kalavati la upande wa machweo liliziba kwa takataka, genge la mitaro halikulizibua kwa wakati. Mlilizibua. Nilikuwepo, nilikuleteeni chai pale pale, nikaona mwanga upande wa pili. Lakini nilipoisoma ile ripoti nilinyamaza. Nilikuwa sijajua bado kosa liko wapi, na nusu yangu ilifurahi kwamba haliko kwangu. Hilo nakuomba radhi kwanza, kabla ya mengine yote.

Ukweli ulinipa wewe mwenyewe, wodini. Daktari alisema ni moyo. Mkeo Mama Shija anasema ni siku mbili za kusimama kwenye maji baridi. Mimi sijui, na sitajua. Ulikuwa umelazwa kitanda cha dirishani, ukaniuliza kwa sauti ndogo, ule mtaro mkubwa wa serikali uliishia wapi. Mtaro gani, mzee? Wa mbugani, ukasema, si ulisema unajua ni mbuga. Ndipo tukaanza kueleweshana polepole, wewe ukieleza mbuga yako na mimi yangu. Tulipofika mwisho ulicheka mpaka nesi akaja kukukanya. Kisha ukanishika mkono ukasema, "Kumbe hukubisha hodi kwa sababu hukujua kama kuna mwenyewe."

Nililia pale, wewe unajua. Nikakuambia nakwenda kuwaeleza watu, ukanikatalia. Ukasema jina lako limekwisha kutumika, acha walitupie hilo kalavati, mimi bado nina safari ndefu. Ulinipa jambo zito vile kama unanipa matobolwa. Wiki ile ile ukafa.

Msibani nilifanya kazi ya mtani, nadhani uliniona. Nilivaa gambuti zako na kofia yako ya kazi, nikazuia jeneza uani nikisema huyu hatoki hapa mpaka atuonyeshe mzigo wake uko wapi, tangu lini Mnyamwezi akasafiri mikono mitupu. Watu walicheka huku machozi yanawatoka, ndivyo inavyotakiwa. Nikakuiga unavyotembea, unavyopima mtaro kwa nyayo, unavyowasuta wahandisi. Nikainama kama nimeshika karatasi, nikaweka kidole hewani, nikasema kwa sauti yako, hii ni mbuga, Mwenye Mvua. Nikaacha kuiga, nikafunika uso kwa kofia yako. Watu walidhani ni uchungu wa kawaida. Mama Shija ndiye aliyenishika bega akanitoa pale, na gambuti nikaondoka nazo, maana kitu alichokamata mtani msibani hakirudi.

Mtani, niache kidogo.

Haya. Nimekunywa maji.

Baada ya wewe kuondoka yalikuja mambo mawili. La kwanza ni maneno. Mama Shija alikuwa akifika mashineni kusaga anawakuta wanawake wanazungumza habari ya kalavati, wakimwona wanageukia bei ya dengu. Hakugombana na mtu. Alijitwisha ndoo yake ya mahindi akahamia mashine ya mbali, ile ya njia ya stesheni, na hakuniambia. Niliambiwa na mke wa fundi wa mashine.

La pili ni bima. Usicheke. Bwana mmoja alikuja kutoka Tabora mjini na kishikwambi chake, akawakusanya watu shuleni, akaeleza kwamba siku hizi hata mafuriko yana bima, nyumba ikizama unajengewa nyingine. Watu walimpigia makofi kama mgombea. Wale wa mbugani walipiga zaidi, kwa sababu walikuwa wamekwisha kuziba nyufa na kurudi, hawana pengine pa kwenda. Sharti lilikuwa moja: mamlaka ya mji iandike kuthibitisha kwamba eneo lile si makazi ya maji.

Barua ikaletwa mezani kwangu imekwisha kuchapwa, inangoja saini ya afisa mipango miji. Aya ya kwanza ilisema eneo linafaa kwa makazi. Aya ya pili ilisema mafuriko yalitokana na uzembe wa aliyekuwa msimamizi wa mitaro, na kwamba tatizo hilo limekwisha. Aliyekuwa msimamizi. Hata jina hawakukupa.

Mtendaji si mtu mbaya, nisimsingizie. Alikuja akakaa kwenye kiti cha wageni, akanieleza kwa upole. Watu wale wamekwisha kujenga, hatuwezi kuwarudishia sakafu zao, lakini karatasi hii itawapa kinga. Kashindye amelala, marehemu haumwi. Na kama sisaini, nitaulizwa mchoro wangu uliidhinishwaje, na jibu litakuwa na jina langu. Alipotoka akaingia Mama Kulwa, kajitanda kitenge chake cha sikukuu, kaniletea mayai kwenye kikapu kidogo. Akanishukuru kabla sijafanya kitu.

Nikabaki na kalamu. Nitakuambia nilichowaza, maana wewe hutanisema. Niliwaza kusaini. Nikajikumbusha kwamba ruhusa ulinipa mwenyewe wodini. Nikasema nitasaini, halafu nitakuja kaburini kukuomba radhi, na wewe ungecheka. Kisha nikaziona gambuti zako chini ya meza, bado zina tope kwenye nyayo, lile jeusi lisilotoka hata kwa brashi. Nikaona jinsi itakavyokuwa. Maji yatakuja, watu wa bima watakuja na wataalamu wao, watalishika tope lile kwa mkono mmoja na barua yangu kwa mkono wa pili, na Mama Kulwa ataambiwa hana haki. Na wewe utakuwa umeitwa mzembe bure.

Nikaandika juu ya ile barua kwa kalamu nyekundu kwamba haisainiwi. Nikaenda kwa mwenyekiti wa mji kuomba mkutano wa hadhara.

Nilikwenda nimevaa gambuti zako. Jua la utosi, uwanja wa shule vumbi tupu, na mimi na gambuti. Watu walianza kucheka kabla sijafungua mdomo, wakaniuliza mvua iko wapi, nikawaambia ninayo kwenye jina. Nikasema watani zangu, siku zote mnatusema Wazaramo hatujui kubeba mzigo, basi leo nimekuja kujitwisha mmoja, nitazameni vizuri. Nikawaeleza yote. Ramani ya rangi ya chai, kidole chako, kiburi changu, neno kwa neno. Nilipofika pale pa ndiyo maana nimeichagua, kicheko kikaanza upande wa wazee, kikashika uwanja mzima, watu wanapigana mabega. Mzee mmoja akapaza sauti kwamba Mzaramo kaona mbuga, kaenda kutafuta twiga. Nikacheka nao, kwani ilichekesha kweli. Halafu kicheko kikapungua chenyewe, kadiri kila mmoja alivyofika mwisho wa hadithi na kuzikuta zile nyumba kumi na moja.

Hapo nikasema la mwisho. "Kalavati halikuziba. Kashindye alilisafisha, nililiona. Kosa ni langu, na yeye alikwenda nalo kaburini ili mimi nisisumbuliwe."

Nilipigiwa kelele, sitakuficha. Nilitukanwa kwa Kiswahili, kwa Kinyamwezi, na kwa lugha nyingine mbili nisizozijua. Mama Kulwa hakutukana. Alisimama akatengeneza kitenge chake, akasema, "Mwanangu, nilikuletea mayai." Akaketi. Hilo liliniuma kuliko matusi yote, na linaniuma mpaka sasa ninapoliandika.

Lakini sikiliza hili. Mama Shija alikuwa nyuma kabisa, kwenye kivuli cha darasa la tatu. Hakuja kunisemesha. Kesho yake asubuhi nilimwona anapita mbele ya ofisi na ndoo yake kichwani, anakwenda mashine ya karibu, anatembea katikati ya barabara.

Yaliyofuata yalikuwa kazi, na kazi unanijua, siiogopi. Nilipewa barua ya onyo, iko kwenye jalada langu, na nimeisaini kwamba nimeipokea. Ripoti ya kalavati ikafutwa. Baraza likafuta mchoro wa upande wa machweo, likakubali viwanja mbadala juu kwenye luseni, ule udongo wenu wa mchanga, pale njia ya zamani ya misafara inapopinda. Miaka yote nilikuwa najiuliza kwa nini njia ile inapinda. Imenyooka tangu mashariki, ikifika kwetu inazunguka kama mlevi, kisha inanyooka tena. Nilimwuliza mzee wa genge, akanishangaa. Wapagazi walikuwa wakiizunguka mbuga. Mtu mwenye pembe la ndovu kichwani hazunguki kwa kupenda. Babu zako walikuwa wamekwisha kunichorea ramani, ningeangalia chini tu.

Mpaka mpya tumeupima kwa miguu, mimi na genge lako na wazee waliokumbuka maji yalifika wapi miaka ya utoto wao. Tulichomeka vigingi kuanzia kwenye kichuguu kikubwa hadi reli. Kila kigingi nilivua kofia yako kwanza. Genge lilijifanya halioni, Mungu awabariki. Bwana wa bima nilidhani atatukimbia, kumbe alifurahi. Alisema ramani inayokiri maji yako wapi ndiyo anayoweza kuiuza kwa wakubwa zake, na sasa nyumba zote zilizo juu ya vigingi zinakatiwa bima bila maneno mengi.

Kiangazi chote watu walifyatua tofali. Familia kumi zikahama, moja baada ya nyingine. Akabaki Mama Kulwa. Alisema hahamishwi mara mbili na binti yule yule. Alikuwa na haki, lakini mbuga haisikilizi haki. Kiwanja chake cha juu kilikuwa tayari, kina vyumba viwili tulivyomjengea kwa nguvu za watu, na yeye hataki hata kwenda kuviona. Mvua zinakaribia. Kila Ijumaa nilikwenda mlangoni kwake. Nabisha hodi. Nasikia anakohoa ndani, nasikia redio inapunguzwa sauti. Haitiki. Nangoja kidogo, naondoka. Ijumaa inayofuata narudi. Nilijiambia maneno yako kila mara, kwamba kuitikiwa si lazima, na nakuambia mtani, ni maneno mepesi kwa ardhi kuliko kwa binadamu.

Mwezi wa kumi na moja, wingu limejaa upande wa Urambo, nilikwenda nikabisha kama kawaida. Akaitika, "Karibu." Nilishtuka nusura nianguke. Kuingia, nyumba tupu. Vyombo vimefungwa kwenye shuka, kitanda kimefunguliwa, na mlango wa chumbani ameung'oa bawaba ameuegemeza ukutani, mlango wa mninga uliochongwa na marehemu mumewe. Akaniangalia kuanzia kofia hadi gambuti. Akasema mlango huu haupakiwi kwenye trekta, utakwaruzika. "Utaubeba wewe."

Basi nikajitwisha, mtani. Ncha ya mbele mimi, ya nyuma Mama Shija, ambaye sijui nani alimwita. Tukaingia njia ya wapagazi. Majirani wakatoka, mmoja kabeba bati, mwingine sufuria, mwingine kuku, tukawa msafara mrefu, na Mama Kulwa mbele na redio yake kwapani. Kule nyuma wazee wa Kinyamwezi wanapiga vigelegele vya kunikejeli, njooni muone, Mzaramo kabeba mzigo wa Mnyamwezi, dunia imegeuka! Shingo iliniuma siku nne. Tulipofika pale njia inapopinda nilitaka kutua, Mama Shija akasema huku hatutui njiani. Tukazunguka mpaka mwisho.

Mama Kulwa bado hajanisamehe, nisikudanganye. Lakini jana aliniletea mayai manne, na akasema moja ni la kwako.

Kwenye ramani mpya, pale pembeni panapoelezwa maana ya maneno, nimeandika kwa mkono wangu: mbuga, mahali pa maji, maana hii ni ya Kashindye. Mtendaji aliniuliza huyo Kashindye ni mtaalamu wa wapi. Nikamwambia wa mitaro. Akagonga muhuri.

Nakuaga sasa, karatasi inakwisha. Nakuahidi hivi: gambuti zako nitazivaa kila masika mpaka zitoboke, kisha nitazipiga kiraka. Kila kalavati la Itobela nitalichungulia mimi mwenyewe mpaka nione mwanga upande wa pili. Na afisa yeyote mgeni atakayeletwa hapa, awe wa pwani au wa mbinguni, hapewi kalamu mpaka nimpeleke mbugani akalowe. Ukinyamaza tena kwa heshima, mtani, nikija huko nitakugombeza. Wewe umefika, tua mzigo wako.

Mvua imenyesha siku tano mfululizo. Leo asubuhi nilitoka, nikafuata vigingi hadi ukingoni. Nikavua kofia yako nikabisha hodi, nikangoja kidogo kama unavyongoja. Mbuga imejaa, Kashindye, kutoka ukingo hadi ukingo, na hakuna mtu ndani.

Wako,
Mwenye Mvua